Mlango wa Sentimita Sitini na Nne

Mama mkubwa wangu hakuwahi kumwamini mtu ambaye hajampima. Mgeni akiletwa nyumbani alimpa mkono, akamuuliza hali, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshajua upana wa mabega yake na kama bega moja limeshuka kuliko jingine. Daktari aliyemng'oa jino alikuwa "yule wa shingo arobaini na tatu." Mchumba wa kwanza wa binti yake alikataliwa, na sababu iliyotajwa mbele ya watu ilikuwa tabia, lakini mimi nilimsikia jikoni akisema hawezi kumwamini kijana wa kiuno sabini na nane anayevaa suruali ya themanini na tano.

Watu walimwita Bi Sentimita. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, kwenye kiwanda cha mashati, akashona vifungo tu kwa miaka miwili, mpaka akawa anaota vifungo. Baadaye alinunua cherehani iliyotumika, yenye pedali iliyopinda, akapanga chumba kimoja chini ya ghorofa alimokuwa anaishi, mwisho kabisa wa ukumbi. Mumewe alipofariki, binti yao akiwa darasa la tatu, pedali ile iliyopinda ndiyo iliyosomesha mtoto mpaka akawa nesi.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya mafagio na ndoo. Ndiyo maana mlango wake ulikuwa mwembamba, na fremu yake ya chuma ilichimbiwa ukutani na mtu aliyetaka idumu. Wateja wanene waliingia ubavu. Mama mkubwa hakuona tatizo. "Akiingia ubavu," alisema, "nimeshapata kipimo cha tumbo bila kumwaibisha."

Vipimo vyote aliviandika kwenye daftari moja jeusi lenye jalada gumu. Kwenye daftari hilo hakuna binadamu aliyeandikwa alivyo. Kifua cha tisini kiliandikwa tisini na nne, kwa sababu nguo lazima iachiwe nafasi ya mshono, sentimita mbili kila upande, na mkono wake ulishazoea kujumlisha wenyewe kichwa kikiwa kinafikiria mambo mengine.

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilihamia kwake, nikapewa kitanda, kikombe na kazi ya kusoma. Yeye mwenyewe alisoma vizuri tu, ila aliamini kwamba karatasi za mashine, za dawa na za benki huandikwa na watu waliosomea kuficha, kwa hiyo zilihitaji mtu aliyesomea kufichua. Nilikuwa mtu wa kunyamaza, na hilo pia lilimfaa.

Halafu kulikuwa na Meneja.

Meneja alikuwa mtoto wa binti yake, msichana wa mwaka mmoja na miezi miwili, mwenye meno sita. Tulimwita hivyo kwa sababu nyumba nzima ilifanya kazi kwa ratiba yake. Alikuwa na sharti moja: usingizi wa mchana aliupata akiwa anasukumwa kwenye magurudumu. Mama yake alikuwa amegundua hilo kwenye kigari cha kuazima, ambacho mwenye mali alishakitaka kirudi. Kitandani Meneja hakulala. Mgongoni alilala, lakini ukimshusha tu alifungua macho, akamtazama kila mmoja wetu, akaitisha kikao kwa sauti iliyofika ghorofa ya nne.

Likizo ya mama yake, ya uzazi na nyongeza bila malipo, ilikuwa inaisha. Jumatatu alitakiwa kurudi wodini. Baba mtu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Akiulizwa jambo lolote la nyumbani alijibu kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyeshika usukani, "Mkikubaliana nyinyi, mimi sina neno." Sisi tulikuwa tumeshakubaliana: Meneja angeshinda na bibi yake pale karakana. Kisha, siku ya Jumatano, akaja bibi wa upande wa pili.

Huyo alikuwa mama wa dereva, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na hata wajukuu wa majirani walimwita Mwalimu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, mkoba mapajani, akatazama mikasi ukutani, akatazama pasi, akatazama kopo la pini.

"Mkwe," alisema, "humu mtoto atalala wapi?"

"Kwenye kigari, mkwe. Pale, kati ya meza ya kukatia na kabati."

"Kigari kipi?"

"Kitakachonunuliwa."

"Kitaingilia wapi?"

Mama mkubwa akacheka puani. "Mkwe, mimi ndiye unayeniuliza vipimo?"

"Nauliza tu kama mtu aliyefundisha. Mkifika hapo mlangoni kigari kisipopita, mtamnyanyua. Mkimnyanyua ataamka. Akiamka humu, cha kwanza kushika ni mkasi. Kwangu kuna chumba kizima hakina mtu."

Kwa Mwalimu kulikuwa upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Binti yake mama mkubwa, ambaye nitamwita Nesi, alikuwa amekaa juu ya marobota ya vitambaa, amechoka kama kawaida ya watu wenye mtoto wa meno sita.

"Mimi ninachotaka," alisema Nesi, "nikiwa wodini nijue mwanangu yuko wapi na analala."

"Basi tufanye hivi," alisema Mwalimu. "Jumapili saa nane mchana nitakuja. Mtoto akitoka barabarani amelala, akaingia humu akiwa bado amelala, abaki hapa na mimi sitafungua mdomo tena. Ikishindikana, Jumatatu namchukua. Mtamwona mwisho wa wiki."

"Nimekubali," alisema mama mkubwa, haraka mno.

Alitabasamu mpaka Mwalimu alipoishia kwenye kona ya ukumbi. Kisha akaokota soksi moja ya Meneja iliyokuwa imeanguka chini ya cherehani, akaikunja mara mbili, akaikunjua.

"Mwisho wa wiki," alisema. "Kama gazeti."

Akaivua tepu shingoni. Akapima mlango juu, akaupima katikati, akaupima chini, penseli mdomoni. Akafungua daftari jeusi, kati ya sketi ya mwanafunzi mmoja na suruali ya mlinzi wa benki, akaandika: Mlango, 64. Nilikuwa nimesimama karibu. Niliona tepu ilipoishia na niliona namba iliyoandikwa, na sikuviweka pamoja vitu hivyo viwili. Nimesoma miaka kumi na sita, na sikuviweka pamoja.

Jumamosi asubuhi tulikwenda dukani watatu: mama mkubwa, mimi, na Naibu Meneja.

Naibu Meneja alishonwa Ijumaa. Mama mkubwa alikataa kununua kigari kilichojaribiwa kikiwa kitupu, na Meneja mwenyewe hakuruhusiwa na mama yake kwenda kujaribiwa kama suruali. Kwa hiyo alichukua sweta na suruali ya mtoto, akavijaza mabaki ya vitambaa, na katikati akatia pasi mbili za zamani na mkasi uliovunjika, mpaka Nesi alipompima kwenye mizani ya kliniki akasema ni kilo kumi na gramu mia nne, sawasawa na mwenyewe. Kichwa kilikuwa donge la uzi ndani ya kofia ya baridi.

Muuzaji alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye upole wa mtu anayelipwa kwa upole. Alimwinamia Naibu mikononi mwa mama mkubwa. "Ah, amelala."

"Huyu hajaamka tangu azaliwe," alisema mama mkubwa. "Tuonyeshe vigari. Na hiyo kola yako nani kakushonea?"

Muuzaji akashika shingo. "Nimenunua hivi hivi."

"Inaonekana. Tuonyeshe."

Cha kwanza kilikuwa cha magurudumu manne, chembamba, sentimita hamsini na mbili. Mama mkubwa alimfunga Naibu mkanda, akasukuma. Kwenye mwanya kati ya vigae viwili gurudumu la mbele likanasa, kigari kikasimama, na kichwa cha Naibu kikaendelea na safari. Kiliviringika mpaka chini ya rafu ya chupa za maziwa. Mama mmoja aliyekuwa anachagua nepi akafunika mdomo kwa mikono miwili.

"Usijali, mama," alisema mama mkubwa akipiga magoti kukitafuta. "Huyu ni naibu tu."

"Hicho ndicho chembamba kuliko vyote," alisema muuzaji, ambaye sasa alikuwa amesogea nyuma ya kaunta.

"Chembamba, ndiyo, lakini magurudumu yake ni vifungo vya shati. Barabara yetu ina mashimo ya kufugia samaki. Kingine."

Cha pili kilikuwa kochi lenye breki. Hata kukigusa hakukigusa. Cha tatu alikiona mwenyewe, kimesimama pembeni kimejitenga, na nikaona mkono wake ukienda shingoni kwenye tepu kama mtu anayetengeneza nywele.

Kilikuwa na magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, ya mpira mnene. La mbele lilizunguka duara zima. Alikisukuma kwa kidole kimoja, kikapita kati ya rafu, kikageuka palepale kiliposimama, kikarudi. Muuzaji akaonyesha kinavyokunjwa: mkono mmoja, mlio mmoja, kikawa kama begi la safari. Mama mkubwa hakushangilia. Aligeuza kiti ndani nje, akakagua mshono kwa mshono, na kwenye pindo la kivuli akakuta uzi uliolegea. Akachomoa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye kola yake, akaanza kushona.

"Mama, bado hujakinunua," alisema muuzaji.

"Ndiyo maana nakirekebisha. Kibovu sinunui."

Akanipa karatasi ya maelezo. "Wewe uliyesoma, upana wa nyuma unasemaje?"

"Sitini na mbili."

Akafungua daftari jeusi, akaweka kidole. "Mlango sitini na nne. Zinabaki mbili. Moja huku, moja huku. Kama kimepimwa kwa ajili yetu." Akalifunga. "Nakichukua."

"Kikishagusa barabara hakirudishwi," alisema muuzaji.

"Kirudi kifuate nini?"

Tulirudi kwa miguu, Naibu akiwa ndani, na mashimo tuliyapita kama hayapo. Kwenye ukumbi wa chini, fundi viatu aliyefanya kazi mkabala na mlango wetu alitoka na kiatu mkononi. Yeye na mama mkubwa walikuwa wametaniana miaka ishirini. Yeye alimwita Sentimita. Mama mkubwa alimwita Gundi.

"Sentimita, umepata gari. Leseni unayo?"

"Sogea, Gundi, usije ukagongwa halafu ukajisingizia ulikuwa na mguu mzuri."

Akakielekeza kigari mlangoni, akasukuma. Gurudumu la mbele likaingia vizuri. Kisha kukasikika mlio wa mpira juu ya chuma, kigari kikasimama. Akarudi nyuma, akasukuma tena. Likagonga la kulia. Akasogeza, likagonga la kushoto. Gundi akaweka kiatu chini, akaja kusaidia, wakasukuma wawili, na Naibu Meneja akapoteza kichwa kwa mara ya pili siku hiyo.

Mama mkubwa akafungua daftari. Akatazama namba. Akapima mlango. Akatazama tena daftari. Kisha akaingia ndani na kukaa kwenye kigoda cha wateja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Nimeuachia mshono," alisema.

"Umeachia nini?" aliuliza Gundi.

"Mlango. Ni sitini. Nimeuachia nafasi ya mshono. Mbili huku, mbili huku."

Gundi alishika ukuta. Alicheka bila sauti kwanza, mabega yakipanda na kushuka, halafu sauti ikaja yote kwa pamoja. "Sentimita, ulitaka kuushonea sketi?"

Siku nyingine angejibiwa. Siku hiyo mama mkubwa alikuwa anaipapasa kofia ya Naibu kama vile ndani yake kuna mtu. Gundi akaona, akanyamaza, akafuta macho kwa aproni.

"Nikupunguzie magurudumu?" alisema kwa sauti ya chini. "Nina msasa."

"Acha."

"Au tubomoe ukuta."

"Mwenye nyumba atatubomoa sisi," alisema mama mkubwa.

Kisha akaugeukia mlango. "Tuseme umevimba."

"Ni wa chuma, mama mkubwa," nilisema.

"Chuma hakivimbi kwa joto?"

"Kinavimba. Lakini si sentimita mbili."

"Shule zenu hizi," alisema, "hazisaidii siku ya shida."

Tulijaribu kukunja kigari: kilipita, lakini ilibidi Naibu atolewe, na Naibu ndiye pekee katika familia yetu asiyejali kutolewa. Mwishowe mama mkubwa akafikia uamuzi ambao, ukitazamwa kwa makini, ulikuwa wa aibu. Jumapili tungemkaribisha Mwalimu chai juu nyumbani, tungemkaribisha sana, na tusingeshuka mpaka Meneja aamke mwenyewe huko barabarani. Mtoto aliyeamka hajafeli mtihani, ameuahirisha.

Jumapili saa nane kasoro Nesi akamtoa Meneja kumzungusha mtaani. Saa nane kamili Mwalimu akafika. Mama mkubwa alimwekea kikombe cha kwanza, akamuuliza habari za mgongo. Alimwekea cha pili, akamuuliza habari za dada zake, mmoja mmoja, na dada walikuwa watano. Kwenye kikombe cha tatu nikaonyeshwa kwa jicho kwamba zamu ni yangu, nikamuuliza Mwalimu kama aliwahi kupenda somo lolote zaidi ya hesabu. Akasema hapana.

Huko chini Meneja, ambaye maisha yake yote hakuwahi kulala zaidi ya nusu saa, siku hiyo aliamua kulala kama mzee. Nesi alipiga simu mara mbili. "Mama, mikono imekufa ganzi. Bado amelala." Mama mkubwa alijibu kwa furaha ya kulazimisha, "Vizuri, vizuri, mzungushe tena."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Mkwe, nimekunywa chai ya wiki nzima. Tushuke."

Tulishuka. Nesi alikuwa ameshaingiza kigari ukumbini, amesimama hatua tatu kutoka mlangoni, na Meneja ndani yake mdomo wazi, kichwa upande. Gundi alikuwa kwenye kiti chake, akijifanya anashona kiatu ambacho nilijua alikimaliza Ijumaa.

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa tepu ya chuma, ile inayojikunja yenyewe kwa kelele. Akaikunjua polepole isipige kelele. Akapima mlango.

"Sitini."

Akainama nyuma ya kigari. "Sitini na mbili." Akasimama. "Daftari lako linasemaje, mkwe?"

"Daftari lina mambo ya wateja," alisema mama mkubwa. "Ni siri."

"Sitini na mbili haiingii kwenye sitini. Hilo hata darasa la pili wanalijua." Hakulisema kwa ubaya. Nadhani alikuwa anaona haya kidogo, kama mwalimu anayerudisha karatasi kwa mwanafunzi aliyejibidiisha. Lakini hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kulithibitisha. Akaomba chaki, mama mkubwa akampa ile ya bapa ya kuchorea vitambaa, na Mwalimu akainama hapo sakafuni mbele ya mlango, akaweka alama tatu palipogusa magurudumu, akaziunganisha kwa mistari. Kisha akachora mistari miwili ya pembeni, kuonyesha mlango, na kitako cha umbo lile kikabaki kimechomoza nje, huku kidogo, huku kidogo.

"Unaona, mkwe?"

Mama mkubwa alikuwa anatazama. Alitazama sana. Macho yake yalikuwa mekundu tangu asubuhi, na nilidhani ndipo atalia. Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya kitambaa kinapokuwa kimebaki kidogo na sketi haijatoka.

"Hiki ni kipande cha sketi," alisema.

"Ni pembetatu," alisema Mwalimu.

"Ni kipande cha sketi ya vipande sita. Chini kipana, juu chembamba. Nimevikata elfu ngapi? Kitambaa kikiwa na upana wa sitini, na chini ya kipande ni sitini na mbili, unakwenda kununua kitambaa kingine?"

Mwalimu akaitazama tena mistari yake ya chaki.

"Hununui. Unakilaza." Alikuwa ameshamsogeza Nesi kwa nyonga na kushika mshikio. "Unakilaza mshazari, upande mmoja ufuate ukingo wa kitambaa. Gundi, funga mdomo. Wewe, shika mlango."

Nikashika mlango. Akageuza pua ya kigari kushoto, gurudumu la mbele likasugua fremu ya kushoto. Akanyanyua nyuma kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi, kwa mkono uleule mwepesi anaonyanyulia mguu wa cherehani, akakisogeza mbele kikiwa kimekaa upande vilevile. Gurudumu la nyuma la kulia likapita kwanza. Kati ya mpira na chuma palikuwa na nafasi ya kidole. La kushoto lilikuwa linakuja likifuata fremu.

Meneja akafungua jicho moja.

Sote tuliganda. Nesi alikuwa amekunja ngumi kifuani. Gundi alianza kukohoa, na aliyemgeukia na kujiwekea kidole mdomoni, kwa ukali wa miaka thelathini ya darasani, alikuwa Mwalimu. Jicho la Meneja lilimtazama mama mkubwa, likatazama tepu shingoni mwake, likaona mambo ni yaleyale. Likafumba.

Gurudumu la kushoto likapita. Kigari kikashuka ndani bila sauti, kikageuka palepale, kikaingia kati ya meza ya kukatia na kabati kama droo.

Mwalimu alipiga magoti tena sakafuni kwenye mchoro wake. Akaniomba karatasi na kalamu kwa ishara. Akapima tena, kutoka mbele mpaka nyuma sasa, akaandika, akapiga hesabu ya kipeo cha pili, akagawanya, akarudia kugawanya. Nilikuwa nimemwinamia begani, na nilimwona anavyofurahi, furaha ya mtu aliyeshindwa na kitu anachokipenda.

"Hamsini na nane kasoro," alinong'ona. "Kutoka kona mpaka upande wa pili ni hamsini na nane kasoro. Kwa hiyo ilikuwa inaingia tangu mwanzo. Cha magurudumu manne cha upana huu kisingeingia, mkwe. Cha matatu tu."

"Ndiyo maana nilikichagua," alisema mama mkubwa, bila hata kupepesa macho.

Gundi akarudi haraka kwenye karakana yake na kufunga mlango, na kupitia mlango huo tulimsikia akicheka ndani ya aproni.

Mwalimu akajikung'uta magoti. "Nimesema atabaki, na atabaki." Akasogea mpaka kwenye kigari, akashika pindo la kivuli, palepale mama mkubwa aliposhona kule dukani, akalivuta chini kidogo ingawa humo ndani hakukuwa na jua. Mkono ukabaki hapo. Basi lake la kwanza kati ya yale mawili lilikuwa linaondoka saa kumi.

Mama mkubwa alijishughulisha kupanga pini ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Mkwe," alisema, akiwa ametupa mgongo, "nina shida moja. Kila Alhamisi napeleka sare shuleni, kutwa nzima. Sina mtu wa kukaa na mtoto."

Sare zilipelekwa Ijumaa, na aliyezipeleka ni Gundi, kwa baiskeli. Nesi alinitazama. Nilitazama dari.

"Alhamisi," alisema Mwalimu, kama anayepekua ratiba iliyojaa. "Naweza kuipanga."

"Utamchukua barabarani, utamwingiza mwenyewe. Umeona inavyofanyika."

"Nimeona. Pua kushoto."

"Na unyanyue kidogo tu."

"Mkwe, mimi nimeithibitisha."

Kabla hajaondoka aliomba kuona lile daftari. Mama mkubwa alisita, kisha akalifungua mwenyewe kwenye ukurasa unaohusika, akafunika kwa kiganja suruali ya mlinzi wa benki. Mwalimu alitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Miaka mingapi amestaafu sijui, lakini kalamu ilikuwa pale. Akaikata ile 64 kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni: 60. Rudia.

Mama mkubwa na mimi tulipomsindikiza kituoni na kurudi, Meneja alikuwa ameamka na alikuwa anaitisha kikao. Mama mkubwa alimnyanyua, akamweka kiunoni, akatafuta penseli yake sikio hili na sikio lile. Chini ya maandishi mekundu, kwa herufi kubwa za mtu aliyeanza kazi akiwa na miaka kumi na sita, akaandika: Imeingia.